Mungu wa Siku Isiyo na Kisa

Sisi tunaozungumza Kiswahili jina la Mungu halitutoki mdomoni. Anayeulizwa hali hujibu kwamba anamshukuru Mungu, hata kama usiku kucha jino halikumlaza. Anayeaga huiweka kesho mikononi mwa Mungu akipenda. Muuza samaki hulitaja jina hilo kabla hajataja bei, muuguzi akishatoa dawa huongeza kwamba anayeponya ni Mungu, na dereva wa daladala anayepita kushoto kwenye mchanga kukwepa foleni amelibandika jina hilohilo kwenye kioo cha nyuma. Mgeni akitusikiliza kwa siku moja tu anaweza kudhani kwamba tunaishi huku tunamwona.

Sina hakika. Jina linalotajwa sana hivyo huishia kufanya kazi ya alama ya mkato. Linapumzisha sentensi, linafunga mazungumzo, linamwokoa mtu asijibu swali aliloulizwa. Mara nyingi tukisema tumwachie Mungu, tuna maana kwamba tumechoka kulijadili jambo lenyewe. Na inshallah ya fundi cherehani, kila aliyewahi kupeleka kitambaa wiki ya mwisho ya Ramadhani anaijua. Ukitaka kujua mtu anamwona Mungu wapi, usisikilize anavyosalimia. Muulize mwaka huu umemwona wapi. Atanyamaza kidogo, halafu atakupa kisa. Basi lilipinduka, yeye akatoka bila mchubuko. Mtoto madaktari walishamkatia tamaa, akapona. Kodi ya nyumba imefika, mfukoni hamna kitu, simu ikalia.

Visa hivi sivicheki. Nimevisikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu, na ninavyo vyangu. Ila vyote vinafanana kwa jambo moja: ni vya siku zilizotoka nje ya utaratibu. Ndani yake Mungu huingia mambo yanapoharibika, na yakishatengemaa humsikii tena mpaka yaharibike upya. Siku nyingine, ambazo ndizo nyingi, hazina ushuhuda. Hakuna anayesimama ibadani akasema: Jumanne nilikwenda kazini, nikarudi, tukala ugali na dagaa, tukalala. Wazee wa kanisa wangemshika mkono taratibu wakamketisha. Ni hiyo Jumanne ninayotaka kuitetea.

Tuanze na ukweli kwamba imani ya visa ina deni ambalo haijawahi kulilipa, na deni lenyewe ni la kale. Cicero, Mrumi aliyeandika zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, anasimulia habari za Diagoras, Mgiriki aliyejulikana kwa kutoiamini miungu. Alipokuwa katika kisiwa cha Samothrace, rafiki yake alimwonyesha picha nyingi zilizotundikwa hekaluni na watu walioweka nadhiri baharini wakati wa dhoruba, wakafika pwani salama. Je, hizo hazimtoshi kuona kwamba miungu inawajali wanadamu? Diagoras akamjibu kwamba waliozama hawana picha pale. Wao pia waliomba, lakini hawakurudi kutundika chochote.

Kwetu jibu hilo halihitaji safari ya kwenda Ugiriki. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na gati la Ukara katika Ziwa Victoria kikiwa na watu zaidi ya mara mbili ya hao. Siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa fundi wa mitambo akiwa hai. Alikuwa ndani ya chumba cha injini, mahali ambapo hewa ilikuwa imebaki. Nchi nzima ikasema Mungu ni mkubwa, nami nikasema. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220.

Ikiwa mkono uliomfikia fundi yule ulikuwa wa Mungu, tutasemaje juu ya waliokuwa hatua chache kutoka kwake? Ama mkono haukufika, ama ulichagua. Tumezoea kujibu kwamba mipango yake hatuijui, na ni kweli hatuijui. Lakini mbona jibu hilo tunaliweka akiba kwa ajili ya waliokufa tu? Akipona mmoja, tunajua kabisa ni nani aliyemponya na kwa sababu gani: ana kazi yake duniani, Mungu ana kusudi naye. Wakifa mia mbili, ghafla mambo ni fumbo. Anayekiri kutojua upande mmoja hana budi akiri pande zote mbili, na akifanya hivyo kile kisa kinapungua nguvu. Kinabaki kuwa sababu ya kushukuru, ambayo si haba, lakini hakiwezi tena kuwa kithibitisho cha mahali Mungu alipokuwa siku ile na mahali ambapo hakuwa.

Kwa hiyo nadhani tunamtafuta mahali pasipofaa. Na si mimi wa kwanza kudhani hivyo.

Augustino alikuwa askofu wa Hippo, mji ambao leo unaitwa Annaba, Algeria, na alifariki mwaka 430. Mwafrika huyu alipokuwa akihubiri juu ya mikate mitano iliyowashibisha watu elfu tano, aliwaambia waumini wake kwamba kuuendesha ulimwengu mzima ni ajabu kubwa kuliko hiyo. Nani anayewalisha watu wote duniani hadi leo, akizidisha mashamba kutokana na punje chache? Ni yuleyule. Mikate inatushangaza kwa sababu ilitokea mara moja. Mavuno hayatushangazi kwa sababu yanakuja kila mwaka, kana kwamba kuja kila mwaka kumeyapunguzia ajabu. Akili inayofikiri sawasawa, kwa hoja yake, ingeshangaa kinyume chake.

Miaka zaidi ya 600 baadaye, Abu Hamid al-Ghazali, aliyezaliwa Tus huko Uajemi mwaka 1058, alilisukuma wazo kama hilo hadi ukingoni, kwa njia nyingine kabisa. Katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa, Tahafut al-Falasifa, anachukua pamba na moto. Pamba imeguswa na moto, pamba imeungua. Haya, nani aliyeuona huo moto ukiunguza? Macho yameona jambo la kwanza likifuatwa na la pili, basi. Ile lazima inayoyafunga pamoja hakuna aliyeiona popote. Kwake yeye muunguzaji ni Mungu, kila mara na kila unyuzi, na tunachokiita tabia ya moto ni desturi ambayo Mungu ameiendeleza hadi tukaizoea. Ibn Rushd wa Cordoba alikuja kumjibu kwa kitabu kizima: anayekanusha visababishi, alisema, anakanusha akili na elimu yote. Nami humwelewa sana Ibn Rushd kila ninapoingia hospitali, kwa sababu daktari ninayemtaka ni yule anayeamini kwamba dawa ina tabia yake.

Lakini si lazima ukubaliane na Ghazali juu ya pamba ndipo ufaidike na swali lake. Swali hilo linavunja ngazi tuliyoijenga baina ya siku ya muujiza na siku ya desturi. Anayemweka Mungu katika yale tu ambayo hayajaelezwa amempangishia chumba ambacho kila mwaka kinamegwa. Zamani radi ilikuwa yake, kifafa kilikuwa chake, kupatwa kwa jua kulikuwa kwake. Wataalamu wameeleza kimoja baada ya kingine, na kila kinapoelezwa kuna muumini anayehisi ameporwa. Augustino na Ghazali hawaporwi kitu. Ukiwaeleza jinsi umeme mdogo unavyozaliwa ndani ya moyo na kuukaza msuli, watakwambia endelea, tunasikiliza, maana hayo ndiyo tuliyokuwa tunayasema. Moyo wa mtu mzima hupiga mara zipatazo 100,000 kwa siku. Sijapata kusikia mtu akitoa sadaka ya shukrani kwa pigo la elfu hamsini.

Hapo msomaji makini ananishika shati. Ikiwa Mungu yumo pamba ikiungua, na yumo isipoungua, yumo kivuko kikifika na yumo kikipinduka, basi kusema yumo ni kusema nini? Dai lisiloweza kukanushwa na kitu chochote halijatuambia chochote. Mwenye shaka huyu ana haki, na wahubiri wanaomkimbia hawaisaidii imani. Nakubaliana naye nusu ya njia. Kama kusema Mungu yumo ni kutoa habari ya aina ya paka yumo jikoni, basi sentensi hiyo ni tupu. Hakuna kipimo cha kukiri wala cha kukana.

Lakini kutambua si lazima kuwe kupata habari mpya. Mtazame mtu anayechambua mchele. Ungo uko mapajani, kausogeza kwenye mwanga wa mlangoni. Anausukuma mchele kwa ncha za vidole, kidogo kidogo, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine: chuya huku, kijiwe kule, punje iliyotobolewa na wadudu inarushwa kwa kuku bila hata kuangaliwa inakoangukia. Mdomo unaweza kuwa unazungumza na jirani. Vidole na macho viko kwenye ungo. Mazungumzo yakigeuka ugomvi, kijiwe kimoja kinapita, na usiku jino la mtu litakigundua. Mchele huo ni uleule uliopimwa dukani na haujaongezewa kitu. Mwenye haraka aliona kilo mbili za chakula, huyu anaona punje. Ukimuuliza amegundua habari gani mpya atakuona umechanganyikiwa.

Simone Weil, Mfaransa aliyefariki mwaka 1943 akiwa na miaka 34, alilishikilia jambo hili kuliko mwanafalsafa mwingine yeyote ninayemjua. Kwake usikivu wa moyo, ukiwa safi kabisa na usio na papara ya kupata kitu, ndio sala yenyewe. Hakusema unasaidia sala, wala kwamba unaiandaa. Mtoto anayehangaika na hesabu ngumu kwa moyo wote, hata asipoipata, amejizoeza kitu kitakachomfaa siku atakapokuwa mbele ya Mungu, au mbele ya mtu mwenye mateso. Nikimsoma nabaki na wazo kwamba uwepo wa Mungu haufichwi na umbali. Unafichwa na haraka yetu, na zaidi ya haraka, na kishindo tunachokisubiri. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme kinasimulia Nabii Eliya mlimani Horebu, jinsi upepo, tetemeko na moto vilivyopita bila Mungu kuwamo, kisha kikaja kitu kidogo cha utulivu. Ni andiko linalopendwa sana mahubirini. Nimelisikia likihubiriwa kwa spika zilizotikisa madirisha ya mtaa wa pili.

Aliyeyaishi haya hadi mwisho hakuwa msomi. Nicolas Herman alizaliwa Lorraine, ambayo leo ni sehemu ya Ufaransa, mwanzoni mwa karne ya 17. Alikuwa askari, vita vikamuumiza mguu, akafanya kazi ya utumishi na kwa kauli yake mwenyewe alikuwa mzito wa mikono na kila kitu kilimvunjikia. Mwaka 1640 hivi akaingia kwa Wakarmeli mjini Paris, akaitwa Lawrence. Hakuwa padri bali bruda. Wasomaji wa karibu na monasteri za Peramiho na Ndanda wanaelewa bruda ni nani: yule wa karakana, wa useremala, wa kurekebisha jenereta saa nane ya usiku wakati mapadri wamelala. Lawrence akapewa jikoni, kazi ambayo kwa maumbile yake aliichukia, akakaa huko miaka kama 15. Walipomtuma Burgundy kununua divai ya watawa, alikwenda na mguu wake mbovu, na ndani ya mashua hakuweza kusogea ila kwa kujibiringisha juu ya mapipa. Uzeeni alishona viatu. Alifariki mwaka 1691, na umaarufu wake wote unatokana na mazungumzo machache na barua ambazo padri mmoja alizikusanya.

Alichokisema kinaudhi kwa udogo wake. Alisema kwamba wakati wa kazi kwake haukutofautiana na wakati wa sala. Kwamba katika makelele ya jikoni, huku watu kadhaa wakimwitia vitu tofauti kwa mpigo mmoja, alikuwa na Mungu sawasawa na akiwa amepiga magoti mbele ya Sakramenti. Kuokota unyasi sakafuni kwa kumpenda Mungu kulimtosha. Maono hakudai kuyapata, wala kwamba supu yake ilizidi ladha. Nani anayetaka mtakatifu wa namna hiyo? Huwezi kumwekea mkutano wa injili uwanjani.

Ghazali naye, upande wa Waislamu, alikuwa na utaratibu wa kumfikisha mtu hapo, na ni wa watu wa biashara. Katika kitabu chake kingine, Ihya, anaichukulia nafsi kama mshirika uliyempa mtaji. Asubuhi weka naye masharti, mchana mwangalie, jioni kaeni mfanye hesabu. Hilo la katikati, la kuangalia mchana huku ukijua kwamba nawe unaangaliwa, ndilo wanalolifundisha masufi kwa jina la muraqaba, na msingi wake ni ile hadithi ya Jibrili inayofafanua ihsani: umwabudu Mungu kana kwamba unamwona, na kama humwoni, ujue yeye anakuona.

Hapa lakini pana mtelezo. Kwetu wazo la kuonwa na Mungu tumelifanya la polisi. Mtoto akinyoosha mkono kwenye bakuli la sukari huambiwa Mungu anakuona. Kwenye ukuta wa uchochoro tunaandika kwamba Mungu anamwona anayekojoa hapo. Mtu aliyekua chini ya jicho la namna hiyo, siku akipata akili zake hulikimbia, na mimi simlaumu. Lakini anayekaa na mgonjwa usiku kucha naye anamwangalia. Kuonwa kwa namna hiyo hakumtishi mtu, kunamfanya alale.

Je, haya yote si ya kuagiza kutoka Paris na Tus? John Mbiti, mzaliwa wa Kitui aliyefariki mwaka 2019, angesema hapana. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika alishikilia kwamba Mwafrika wa jadi hakuwa na mpaka kati ya mambo ya dini na mambo ya dunia. Dini aliibeba shambani, kwenye pombe, kwenye matanga, na leo angeibeba hadi chumba cha mtihani. Okot p'Bitek, Mwacholi wa Uganda na mkali wa kalamu, alimpinga yeye na wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alisema wasomi hawa wanaivisha miungu ya Kiafrika majoho ya Kigiriki, wakidai babu zetu waliamini Mungu aliyepo mahali pote na ajuaye yote, wakati hayo ni maneno ya darasani. Nikipima, Okot ana hoja juu ya majoho. Bibi zetu hawakuwa na nadharia ya uwepo wa mahali pote. Lakini walikuwa na mambo waliyoyafanya jioni, na hapo Mbiti anamshinda.

Chukua Rwanda ya zamani. Mwanamke aliyekuwa katika umri wa kuzaa hakulala bila maji ndani ya nyumba. Hata kama siku ilikuwa ndefu, kisima mbali na watoto wana kiu, kidogo kilibakizwa. Yaliitwa maji ya Imana, yaani ya Mungu, kwa kuwa ni usiku ambapo Imana humuumba mtoto tumboni, naye atayahitaji maji kwa kazi yake. Hapakuwa na kuhani wala wimbo, na sadaka ya kuonwa na majirani haikuwapo. Ni mama aliyechoka, anayeinamia mtungi gizani kuhakikisha hamjakauka, kisha anakwenda kulala. Sijui andiko la teolojia linalosema zaidi ya hilo juu ya Mungu anayefanya kazi bila kuamsha mtu. Na angalia kwamba mama yule hakuombwa aone chochote. Aliombwa abakize.

Wanyarwanda hao hao wana methali kwamba Imana hushinda kutwa nzima kwingineko, lakini jioni hurudi kulala Rwanda. Tangu mwaka 1994 methali hiyo haisemeki kwa wepesi. Kati ya Aprili na Julai mwaka huo waliuawa watu zaidi ya 800,000, wengi wao Watutsi, na makanisa yalikuwa miongoni mwa mahali pa kuchinjia: Ntarama, Nyamata, Nyarubuye. Kule Nyange zaidi ya watu elfu moja walikimbilia kanisani, na kanisa likabomolewa kwa tingatinga wakiwa ndani. Padri wa parokia hiyo, Athanase Seromba, alishtakiwa katika mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha, na mwaka 2008 majaji wa rufaa walimpa kifungo cha maisha.

Insha inayosifu utulivu wa Mungu ikikwepa Nyange ni insha ya uwongo. Waliokuwa ndani ya kanisa lile walimwita kwa sauti. Kimya kilichowajibu hakifanani na kimya cha jikoni kwa Lawrence, na sitathubutu kusema ni kilekile. Ninachoweza kukisema ni hiki: tukishatenganisha uwepo wa Mungu na matokeo mazuri, kama hoja ya Diagoras inavyotulazimisha, hatuna ruhusa ya kuurudisha kwa mlango wa nyuma. Uwepo si ulinzi. Anayewahubiria watu kwamba Mungu yu karibu na hivyo hawatadhurika, amewaahidi kitu ambacho hakimo mkononi mwake.

Mwaka huohuo, huko Ruhango, alikuwapo bibi mmoja mganga wa kienyeji, Zura Karuhimbi. Katika nyumba yake ndogo aliwaficha watu zaidi ya 100. Wauaji walipofika alijipaka mikononi majani yanayowasha akawagusa, akatikisa bangili na vyombo vyake, akawatishia kwamba humo ndani mna mizimu na atakayeingia amejichimbia kaburi. Hawakuingia. Mwaka 2006 serikali ilimpa nishani. Alifariki mwaka 2018. Nikisema Mungu hakuwepo Nyange ila alikuwepo Ruhango nitakuwa nimerudi kutundika picha za mabaharia. Siwezi. Ila nikimtazama bibi yule sioni kishindo wala ishara ya mbinguni. Bangili zilikuwa geresha, na yeye alilijua hilo. Naona watu zaidi ya 100 wanaohitaji kula, kunywa na kujisaidia ndani ya kibanda, leo, kesho na mtondo, na kikongwe anayeyashughulikia hayo huku akijua kwamba akikamatwa atauawa nao. Sehemu kubwa ya kuwaokoa ilikuwa kazi za nyumbani.

Hapo ndipo ninapokipata kipimo alichonidai mwenye shaka. Wauaji wengi nao walikuwa watu wa ibada, na jina la Imana halikuwatoka mdomoni. Kwa hiyo hisia ya kuwa karibu na Mungu haipimi kitu. Mtu anaweza kububujikwa machozi kwenye sifa na kuabudu, akatoka nje akamrukia dada wa kazi kwa sababu ya uji uliomwagika. Anayedai amemtambua Mungu katika mambo madogo, tumtazame anavyoyatendea mambo madogo na watu wanaoitwa wadogo. Dai lake linaweza kukanushwa, tena kirahisi, na wanaoishi naye nyumba moja. Asiyeamini kabisa, ambaye anaichambua siku yake kwa uangalifu wa yule mwenye ungo na hampiti mtu kama kijiwe, simhubirii. Tunaweza kubishana juu ya jina baadaye. Kazini tuko pamoja.

Sijengi hoja kwamba visa visisimuliwe. Aliyepona ashukuru, na aliyeokoka ajalini aimbe mpaka sauti imkauke, ni haki yake. Lakini wachungaji, mashehe na ninyi mnaoshika ratiba msibani, nawaomba jambo moja. Kwenye mazishi ya ajali msimsimamishe aliyenusurika atoe ushuhuda mbele ya majeneza ya waliokuwa naye safarini. Ushuhuda wake unaweza kungoja. Siku hiyo waliofiwa hawadaiwi kuusikia.